Kutembea na Kuvuka: Ziwa Kivu la Wapumzikaji Likitazamwa Kutoka Masisi na Walikale

Katika maandishi ya safari yaliyoachwa na Wabelgiji, Ziwa Kivu lina sura moja isiyobadilika sana. Ni ziwa lililo juu, mita zipatazo 1,460 toka usawa wa bahari. Halina mamba wala kiboko. Hewa yake ni ya ubaridi wa wastani. Na Mzungu aliyechoshwa na joto la Leopoldville au Stanleyville aliweza kuogelea humo mchana na usiku akalala chini ya blanketi. Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Kibelgiji, iliyoanza kutoa kitabu chake cha kuwaongoza wasafiri mwishoni mwa miaka ya 1940, ililitangaza eneo hilo pamoja na Mbuga ya Albert na volkano za Virunga. Jina la "Uswisi ya Afrika" likasambaa, na hata leo hurudiwa na wenyeji wenyewe, baadhi yao kwa fahari, wengine kwa kicheko.

Sura hiyo ina kasoro moja: imechorwa na mtu aliye katika mashua, ambaye huinua macho kuitazama milima, kisha akayashusha tena. Milima ya Masisi ni pazia la nyuma kwake. Walikale, iliyo nyuma ya pazia hilo, haimo kabisa. Makala haya yanageuza upande wa kutazamia. Yanauliza jinsi ziwa lilivyoonekana na watu wa juu: Wahunde na wasemaji wa Kinyarwanda wa Masisi, ambayo inaligusa ziwa upande wa Sake, na Wanyanga, Wakano na Wakumu wa Walikale, ambayo hailigusi popote lakini historia yake imeshonwa na ziwa hilo kwa nyuzi nyingi.

Maneno yenyewe

Yafaa kuanza na msamiati, kwa sababu msamiati huficha na kufichua. Katika Kiswahili cha pwani, kutembea ni kwenda kwa miguu. Katika Kiswahili cha Kivu neno hilo limepanuka: mtu "anaenda kutembea" Bukavu hata kama atapanda boti au gari, na maana yake ni kwamba anakwenda kuzuru, kuona watu, kubadilisha hewa, bila kulazimishwa na kazi. Kuvuka ni jambo jingine. Mtu huvuka kwa sababu upande wa pili kuna kitu: soko, mgonjwa, shamba, usalama. Anayetembea aweza kuahirisha. Anayevuka mara nyingi hawezi. Historia ya vyombo vya majini ziwani Kivu ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya maneno hayo mawili kuwagawia watu chombo kimoja.

Neno la tatu linaleta tabu zaidi. Wazungu waliposema juu ya mapumziko ya majira ya joto walimaanisha Julai na Agosti za kwao. Majira hayo huangukia kiangazi cha huku, nacho katika vilima vya Masisi vinavyopanda kupita mita 2,000 si majira ya joto hata kidogo: mchana ni mkavu, usiku baridi hupenya ukuta wa miti na udongo. Wanafunzi wa Kongo nao huwa katika vakanse miezi hiyo hiyo, kwa kuwa kalenda ya shule ilifuata ile ya Ubelgiji. Kuna kinaya kidogo hapa. Kiangazi ndicho kipindi ambacho vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huifunika anga, na volkano hupotea kwa siku nyingi mfululizo. Msafiri aliyevuka bahari ili aione Nyiragongo toka sitaha ya mashua mwezi wa Julai angeweza kurudi kwao akiwa ameuona ukungu tu.

Wapiga makasia

Mzungu wa kwanza kuandika habari za kufika kwenye ziwa hilo ni Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, ambaye msafara wake ulianzia Pangani mwishoni mwa mwaka 1893. Katikati ya 1894 aliupanda Nyiragongo na kufika ufukweni. Yanayofuata hayatajwi sana: toka ziwani msafara huo ulielekea magharibi, ukaingia katika msitu mkubwa na kuufuata Mto Lowa hadi Lualaba. Kwa maneno mengine, Götzen aliipasua nchi ambayo leo ni Masisi na Walikale. Ziwa lilimpendeza, msitu ulimtesa. Tangu hapo kalamu za wageni zimegawanya sifa kwa namna hiyo hiyo, uzuri ukabaki majini na taabu ikabaki msituni.

Jina lake baadaye lilipewa meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na toka 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Kivu halikupata meli ya namna hiyo. Richard Kandt, aliyelichunguza ziwa na visiwa vyake toka mwaka 1898, alitumia mitumbwi, yaani mikono ya watu. Ripoti za wachunguzi hueleza kina cha maji, umbo la ghuba na tabia ya upepo. Wapiga makasia walioujua upepo huo kabla ya ripoti kuandikwa hawakupewa majina. Mwaka 1910 mkataba wa mipaka ulikigawa kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji, Septemba 1914 Wajerumani wakakiteka, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudisha. Katika miaka hiyo mtumbwi ulikuwa chombo cha vita.

Huko Walikale, maji yalikuwa na maana nyingine kabisa. Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na She-karisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, una safari ya majini iliyo maarufu kuliko zote katika fasihi simulizi ya Wanyanga. Mtoto Mwindo anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni na baba yake mwenyewe, Shemwindo. Ngoma haizami, bali inapanda mto kinyume cha mkondo kumfuata shangazi, Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka wa majini mwenye kumiliki vilindi. Utendi huo unaweza kusomwa kwa njia nyingi. Kwa mintarafu ya makala haya yatosha kusema kwamba ndani yake maji hayatembelewi. Yana mwenyewe, na anayeingia humo anaingia katika nyumba ya mtu. Mito ya Walikale, Lowa na Oso na vijito vyake, ilikuwa njia, mahali pa samaki na mahali pa hofu. Wazo la kupanda chombo ili kuzunguka na kurudi pale pale ulipoanzia lingeonekana na wazee hao kuwa upuuzi, au labda ukosefu wa adabu.

Milima iliyolisha ufukwe

Mapumziko hayakuota ufukweni yenyewe. Mwaka 1925 Mbuga ya Albert ilianzishwa. Mwaka 1928 Comité National du Kivu iliundwa na kupewa madaraka makubwa juu ya ardhi, na walowezi wakaanza kupimiwa mashamba katika nyanda za juu. Masisi ilikuwa na kila walichokitaka: mvua ya kutosha, udongo wa volkano, nyasi za ng'ombe, ubaridi unaofaa pareto, na kahawa katika miteremko ya chini. Kilichokosekana, kwa maoni ya wakoloni, ni vibarua. Ndipo kuanzia 1937 hadi 1955 utawala ukaendesha mpango rasmi wa kuwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakianzia Gishari. Ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe, na swali la nani mwenyeji na nani mgeni, ambalo mpango huo uliliacha bila jibu, limemwaga damu nyingi tangu wakati huo.

Haya yanahusianaje na mashua za starehe? Yanahusiana moja kwa moja. Goma na Kisenyi (Gisenyi ya leo) zilikuwa miji ya mapumziko ya mlowezi wa Masisi na afisa wa utawala. Mboga na nyama mezani mwa hoteli zilitoka vilimani. Barabara iliyomfikisha mgeni ufukweni ililimwa kwa mikono ya watu waliokusanywa kwa amri. Mwafrika aliyekuwapo ufukweni alikuwapo kama mpishi, dereva, boi, baharia; kukaa tu, kutazama maji, hakukuwa kazi iliyotambuliwa katika kitambulisho chake. Hata baada ya mwaka 1948, serikali ilipoanzisha kadi ya sifa ya uraia kwa wale iliowaita watu walioendelea, mlango wa hoteli haukufunguka kwa kadi hiyo peke yake. Ni katika miaka ya mwisho ya 1950 tu ndipo ubaguzi wa mahali pa starehe ulipoanza kulegea, na uhuru ulikuwa tayari unabisha hodi.

Masisi pia ilikuwa na maziwa yake madogo, manne, yaliyo Mokoto, ambayo maji yake yalizibwa na mtiririko wa volkano kama Kivu lenyewe lilivyozibwa zamani, lilipoacha kutiririka kaskazini na kugeukia Ruzizi. Mwaka 1954 watawa Watrapisti toka Scourmont, Ubelgiji, walijenga monasteri hapo. Utulivu wa Mokoto ulikuwa wa namna nyingine, wa sala na kimya. Mei 1996 watu waliokimbilia humo waliuawa, na watawa wakalazimika kuondoka kwa muda.

Moto majini

Tukio lililowaleta pamoja watazamaji na wenyeji, japo kwa macho tofauti, ni mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940. Kwa zaidi ya miaka miwili lava ilitoka katika ubavu wa mlima, ikashuka kusini, ikaikata barabara ya Goma na Sake, ikaingia ziwani. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, na usiku mwanga mwekundu ulionekana toka mbali. Kwa mtu aliye katika mashua ilikuwa tamasha. Lava ilipopoa iliacha rasi ya mawe meusi ambayo karibu iifunge ghuba ya Kabuno, ile ambayo Sake iko kwenye kona yake. Mlango wa Masisi wa kuingilia ziwa kuu ukabaki mwembamba. Mwaka 1948 mlipuko mwingine, wa Kituro, ukateremsha tena lava hadi majini. Haroun Tazieff, mwanajiolojia aliyekuwa akifanya kazi Kivu, aliuona, na kitabu chake Cratères en feu cha mwaka 1951 kikazifanya volkano hizo zijulikane kwa wasomaji wengi wa Ulaya.

Ghuba hiyo haina utulivu unaodhaniwa na mpita njia. Kilindi cha Kivu, kinachokaribia mita 485 pale kinapozidi, kimehifadhi kiasi kikubwa mno cha gesi ya kaboni pamoja na methani. Katika ghuba ya Kabuno gesi ya kaboni imejaa hadi karibu na uso wa maji, yapata mita 12 tu chini. Nchi kavu ya Goma na Sake nayo ina mabonde madogo ambamo gesi hiyo hutoka ardhini na kutulia, ikiua mbuzi, mbwa, na watoto wafupi kuliko kimo chake. Wenyeji waliipa jina la mazuku, upepo mbaya unaoua usiku, na wanasayansi wa volkano wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Ni mfano mzuri wa lugha ya Kivu kutoa istilahi badala ya kukopa. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu vya wasafiri, vilivyokuwa hodari kutangaza ziwa lisilo na mamba, havikuwa na neno hili.

Baada ya 1960

Uhuru uliwabadilisha wapumzikaji kuliko ulivyobadilisha mapumziko. Baada ya hatua za Novemba 1973, zilizowapokonya wageni mashamba na biashara, maeneo makubwa ya malisho ya Masisi yaliangukia mikononi mwa watu wachache walio karibu na utawala wa Zaire. Mobutu alijenga makazi ufukweni Goma. Mwaka 1976 Jumuiya ya Nchi za Maziwa Makuu ilianzishwa makao yake yakiwa Gisenyi, na wajumbe, mawaziri na wafanyabiashara wakazoea hoteli za pande zote mbili za mpaka. Samaki wa sambaza, aliyeletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, alikwisha kuongezeka, na taa za wavuvi usiku zikawa pambo la wanaokula chakula cha jioni kibarazani. Mvuvi aliyekuwa chini ya taa hiyo alikuwa kazini.

Walikale iliingizwa katika utalii bila kuuona. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyotangazwa mwaka 1970 kwa ajili ya sokwe wakubwa walio karibu na Bukavu, ilipanuliwa mwaka 1975 toka kilomita za mraba zipatazo 600 hadi 6,000, na upanuzi huo uliingia katika msitu wa chini wa Walikale. Mgeni aliyeshuka toka Goma kwa boti ili kuwaona sokwe alifika sehemu ya juu, akapiga picha, akarudi. Vijiji vya sehemu ya chini vilipata mipaka, makatazo na walinzi. Mgeni hakufika huko. Katika hesabu ya faida na hasara za utalii ziwani, ukurasa wa Walikale una safu moja tu.

Tofauti na hayo, boti ya Goma na Bukavu ilianza kuwa mali ya watu wa kawaida. Ni safari ya yapata kilomita 100 za maji. Wanafunzi wa vyuo vikuu, walimu waliofuata mishahara, wakinamama wenye magunia ya maharage na viazi vya Masisi, na wauzaji wa jibini ya mviringo ambayo mafundi wa Masisi walijifunza kuitengeneza kwa mapadre katika miaka ya 1970, wote walikaa sitaha moja. Hapo kutembea na kuvuka kulikutana. Mwanafunzi aliyekwenda kwa mjomba wake wakati wa vakanse alikuwa mtalii kwa kila maana ya neno hilo isipokuwa ile ya takwimu za serikali: aliegemea ukingo wa boti, akatazama Idjwi ikipita, akala sambaza za kukaanga. Hakuna aliyemhesabu. Makala yoyote yanayosema kwamba Wakongo wa Kivu hawana utamaduni wa mapumziko yamesahau sitaha hiyo.

Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Julai 1994 wakimbizi zaidi ya laki nane waliingia Goma toka Rwanda, na maji ya ziwa lile lile la waogeleaji yakanywewa na watu waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Toka hapo, kwa watu wa milimani, ufukwe ulimaanisha kambi. Mugunga, iliyokuwa kijiji njiani kwenda Sake, ikawa jina la kukimbilia, mara ya kwanza, ya pili, na nyingine nyingi.

Hata hivyo mapumziko hayakufa. Karibu mwaka 2015 Mbuga ya Virunga ilifungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Tchegera, ukingo wa volkano uliojikunja kama mwezi mchanga, umbali mfupi kwa boti toka Goma. Kambi hiyo ilifungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Mei 2018 baada ya watalii kutekwa katika mbuga, na tena Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wakazi wa Goma walioweza kulipa walikwenda huko wikendi. Wengi zaidi walikwenda tu ufukweni siku ya Jumapili, baada ya misa, na kununua soda.

Kuvuka tena

Februari 2024 vita vya M23 vilifika Sake, na barabara ya Goma, Sake na Minova ikafungika. Minova ndilo soko lililokuwa likiilisha Goma, na sehemu kubwa ya mboga na mihogo yake hupita njia hiyo. Mtu wa Sake aliyezoea kufika Minova kwa pikipiki, kwa mwendo mfupi kuizunguka ghuba ya Kabuno, sasa alilazimika kurudi nyuma hadi Goma na kupanda boti. Kazi iliyokuwa ya barabara nzima ikahamia kwenye vyombo vichache vya mbao, vingine vikiwa vimezeeka, bila maboya ya kutosha, na bila orodha ya abiria inayoaminika. Hatari yake ilikuwa inajulikana: Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 wakapotea, na serikali ikaagiza kila abiria avae boya. Agizo hilo lilihitaji maboya, ukaguzi na nauli ambayo muuza mihogo angeweza kuilipa.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa gatini wakiwasubiri jamaa zao. Makumi ya watu walikufa. Hesabu zilizotolewa na viongozi zilitofautiana sana, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika ni wangapi walipanda. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia, kama linavyoonyeshwa katika picha za wapumzikaji. Januari 2025 Minova, Sake na kisha Goma zilitekwa na M23 ndani ya wiki moja, na safari za boti kati ya Goma na Bukavu zikasimamishwa kwa muda. Watu wa Masisi waliokuwa wamekimbilia kambi za ufukweni waliambiwa warudi vilimani, kwa miguu, wakipita njia ya Sake.